Rangi Haisimamishi Gari

Jambo tunalolizungumza leo lina upana wa mita saba hivi. Huo ndio upana wa lami ya barabara ya kawaida yenye njia mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Mtoto wa darasa la pili, kwa hatua zake za kawaida, huivuka kwa sekunde sita. Atavuka asubuhi, atavuka jioni, na kama anarudi nyumbani kula, atavuka mara nne. Tanzania ina wanafunzi zaidi ya milioni 10 wa shule za msingi na wengi wao huenda kwa miguu, kwa hiyo sekunde hizo sita zinarudiwa mamilioni ya mara kila siku ya masomo, kuanzia alfajiri, wakati watoto wa zamu ya asubuhi wanatoka nyumbani na bado hakujapambazuka vizuri. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba ajali za barabarani ziliua watu milioni 1.19 mwaka 2021, na kwamba duniani kote hakuna kinachoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 zaidi ya ajali hizo.

Mtoto anapogongwa mbele ya shule, yanayofuata hufanana kila mahali. Wananchi hufunga barabara kwa mawe na matairi. Diwani hufika, mkuu wa wilaya hufika, ahadi hutolewa. Baada ya muda huja watu na ndoo za rangi nyeupe, zebra ikachorwa mbele ya lango, na kibao chenye picha ya watoto kikasimikwa pembeni. Watu hushukuru na kutawanyika. Hoja yangu ni kwamba hapo kazi inakuwa bado haijaanza. Zebra iliyochorwa kwenye barabara ambayo magari hupita kwa kilomita 60 au 80 kwa saa haimkingi mtoto. Kinachomkinga ni mwendo wa gari, na mwendo hushushwa na umbo la barabara. Rangi inakuja mwisho, kuonyesha mahali ambapo kazi hiyo imeshafanyika. Kwa sababu hiyo wajibu wa kwanza ni wa anayesanifu na kujenga barabara, kabla ya dereva, kabla ya trafiki, na mbali kabisa kabla ya mtoto mwenyewe.

Tuanze na zebra, maana historia yake inaeleza mengi. Nchini Uingereza, mwaka 1934, Waziri wa Usafirishaji Leslie Hore-Belisha aliweka kando ya vivuko nguzo zenye tufe la rangi ya chungwa kichwani, ili madereva wapajue pa kusimama. Nguzo hazikutosha. Mwaka 1951 ikaongezwa michirizi mieupe na mieusi juu ya lami, ile ambayo dunia nzima imeiga. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1953, nchi hiyo hiyo ikatunga sheria ya kuwapa mamlaka wavushaji wa watoto wa shule, watu wazima wanaosimama barabarani na kibao mkononi kusimamisha magari. Maana yake ni kwamba hata huko zebra ilikozaliwa, wenyewe hawakukubali kumwachia mtoto michirizi peke yake. Ushahidi mzito zaidi umetoka Marekani. Charles Zegeer na wenzake, wakifanya kazi kwa idara ya barabara kuu ya serikali ya nchi hiyo, walilinganisha vivuko 1,000 vilivyochorwa na 1,000 visivyochorwa katika miji 30. Kwenye barabara za njia mbili, rangi haikuleta tofauti ya maana. Kwenye barabara pana za njia nyingi, zisizo na kisiwa katikati na zenye magari zaidi ya 12,000 kwa siku, vivuko vilivyochorwa bila kuongezewa kitu kingine vilionekana kuwa na ajali nyingi zaidi za waenda kwa miguu kuliko visivyochorwa. Sababu moja tunaijua vizuri hata hapa kwetu. Dereva wa njia ya kwanza anasimama kwa adabu, mtoto anaanza kuvuka, na gari lile lililosimama linakuwa ukuta unaomficha asionekane na anayekuja kwenye njia ya pili. Badala ya njia ya pili weka bodaboda inayopita ubavuni mwa daladala, na umeupata mchoro wa ajali nyingi za mijini kwetu. Rangi imemwambia mtoto apite, na hakuna kilichomwambia mwenye pikipiki apunguze.

Sasa tupige hesabu ya breki, kwa kuwa hesabu hii haibadiliki kwa siasa wala kwa mila za nchi. Chukua gari lenye breki nzuri kwenye lami kavu, na dereva aliye macho, anayetumia sekunde moja tangu aone hatari hadi akanyage breki. Akiwa kwenye kilomita 30 kwa saa, gari husimama baada ya mita 13 hivi. Akiwa kwenye 50, ile sekunde moja ya kushtuka peke yake inakula karibu mita 14. Yaani pale ambapo gari la kwanza limeshasimama kabisa, la pili halijaanza hata kupunguza mwendo. Mweke basi mtoto aliyechomoka ghafla mita 15 mbele. Gari la 30 linasimama kabla ya kumfikia. Gari la 40 linamgonga kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa hivi. Gari la 50 linamgonga kwa kilomita 48. Tena nguvu ya kishindo haiongezeki sawasawa na mwendo: mwendo ukiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa asilimia 4 hivi. Ndiyo maana mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm Februari 2020 ulitaka mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari na waenda kwa miguu wanachangamana. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaruhusu 50 katika maeneo ya makazi. Kwa hesabu niliyoitoa, dereva anayeitii sheria hiyo bila kuivunja hata kidogo anamgonga mtoto yule kwa kilomita 48.

Wapo watakaosema kwamba jibu ni elimu. Mtoto afundishwe: tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena, ndipo uvuke. Nakubali afundishwe, na mwalimu anayefanya hivyo anastahili heshima. Lakini tujiulize mtoto anaweza nini kwa umri wake. Mwaka 1968 mwanasaikolojia wa Sweden, Stina Sandels, alichapisha kazi yake kuhusu watoto barabarani, na msimamo wake ulikuwa kwamba mtoto mdogo hawezi kufinyangwa alingane na msongamano wa magari, hivyo barabara ndiyo ibadilishwe ilingane naye. Mwaka 2011 John Wann na wenzake wa Chuo Kikuu cha London wakaongeza jambo ambalo kila mhandisi wa barabara angepaswa kulibandika ukutani. Macho yetu hutambua kwamba kitu kinatujia kwa jinsi picha yake inavyokua. Gari lililobakiza sekunde tano kukufikia, likiwa kwenye 30, liko mita 42 mbele yako na linakua haraka machoni. Likiwa kwenye 80, sekunde zile zile tano ni mita 111. Picha ni ndogo na inakua polepole mno, kana kwamba gari limesimama. Mtu mzima anaweza kuupambanua ukuaji huo mdogo. Watafiti hao waliona kwamba watoto wa shule ya msingi huanza kukosea gari linapozidi kilomita 32 kwa saa hivi. Kwa hiyo mtoto ametazama kulia kama alivyofundishwa, ameliona gari, na macho yake yamemwambia liko tuli. Amefanya kila alichoagizwa. Kumlaumu kwamba hakuwa makini ni kumdai jicho ambalo hajapewa.

Kuhusu elimu yenyewe, upo uchambuzi wa mwaka 2002 uliofanywa na Olivier Duperrex na wenzake, ambao walikusanya majaribio 15 ya kufundisha waenda kwa miguu. Mafunzo yaliongeza ujuzi wa watoto na kubadili kwa kiasi fulani namna wanavyovuka. Lakini hakuna hata jaribio moja kati ya hayo lililopima kama majeruhi walipungua, na hakuna hata moja lililofanyika katika nchi ya kipato cha chini au cha kati. Kwa hiyo anayesema elimu peke yake itaokoa watoto wa Mbagala, Kongowe au Mlandizi anasema jambo ambalo ushahidi wake haujaonekana.

Wengine wanaelekeza kidole kwa dereva, na kutoka kwake wanakwenda kwa trafiki: wakamatwe, watozwe faini. Dereva ana hatia pale anapovunja sheria, na hilo halina mjadala. Lakini mtazameni dereva wa daladala anavyofanya kazi. Ana hesabu ya siku ya kumpelekea tajiri, anachopata juu yake ndicho chakula cha kwake na cha konda, na kila dakika aliyoipoteza anataka kuifidia kwenye kipande cha barabara kilicho wazi. Kipande hicho mara nyingi ndicho kilicho mbele ya shule, kwa kuwa uwanja wa shule hauna maduka ya kubana barabara. Faini ya shilingi 30,000 anaihesabu kama gharama ya biashara. Askari mwenye tochi, kama tunavyokiita kipima mwendo, anashusha mwendo kweli, lakini ni pale tu aliposimama na kwa muda aliosimama. Madereva wanaokuja upande wa pili huwashiana taa kuonyana, na kilomita moja mbele kila mmoja amerudi kwenye mwendo wake. Tuna shule nyingi mno na askari wachache mno. Tuta halilali, halihongwi, halihamishwi kituo, wala haliulizi gari ni la nani. Likijengwa vizuri linamshusha kila dereva hadi 30, saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, siku ya mtihani na siku ya Jumapili.

Kwamba jambo hili linawezekana hapa hapa, Dar es Salaam imeshaonyesha. Shirika lisilo la kiserikali liitwalo Amend liliendesha mpango wake wa SARSAI kwa kuchagua shule ambazo watoto wake walikuwa wakiumia zaidi, likakagua njia wanazopita, kisha likajenga vitu vya kawaida kabisa: njia za miguu, matuta, vivuko, alama, vizuizi vya kutenga watoto na magari, na pengine lango jipya upande wa barabara ndogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliolinganisha maeneo ya shule zilizofanyiwa marekebisho na yale ambayo hayakufanyiwa, ulionyesha majeruhi miongoni mwa watoto wakipungua kwa asilimia 26. Mwaka huo huo mpango huo ukashinda tuzo ya miji ya taasisi ya WRI, mbele ya miradi ya miji mingine ya dunia. Atasimama mtu aseme asilimia 26 ni chache, na robo tatu ya maumivu imebaki. Ni kweli imebaki, kwa sababu mtoto hatembei langoni tu, na barabara aliyoivuka kilomita moja nyuma haijaguswa. Hiyo ni sababu ya kuongeza kazi. Kwa robo hiyo moja, wapo watoto wanaotembea leo kwa miguu yao miwili kwa sababu kuna mtu alimwaga zege mbele ya shule.

Nchini Ghana, kwenye njia panda ya Suhum katika barabara kuu ya Accra kwenda Kumasi, waliweka rasta, ile mistari iliyoinuka inayotetemesha gari. Katika miezi 16 tu, kuanzia Januari 2000 hadi Aprili 2001, ajali zilipungua kwa asilimia 35 hivi na vifo kwa asilimia 55 hivi. Naitaja Suhum makusudi, kwa kuwa ni barabara kuu yenye malori na mabasi ya masafa marefu, si kichochoro cha mtaani.

Kivuko cha shule kinachostahili jina hilo kikoje basi? Mimi ningeanza mbali na lango, mahali ambapo dereva bado haioni shule. Hapo ndipo rasta za kwanza zinapokaa, pamoja na kibao cha 30, ili sikio na mwili wake viambiwe kabla ya jicho. Kisha linakuja tuta pana lenye mgongo bapa, na zebra ichorwe juu ya mgongo huo huo, iungane na njia ya miguu pande zote mbili. Mpangilio huu una faida tatu kwa mpigo: gari linapunguza mwendo kwa lazima, mtoto anainuka juu ya usawa wa lami na kuonekana, na maji ya mvua hayamlazimishi kuruka dimbwi na kutua katikati ya njia. Mahali penye njia zaidi ya mbili, kisiwa cha katikati ni cha lazima, kwa sababu hesabu ya mtoto inakuwa nyepesi: anavuka nusu akitazama upande mmoja, anasimama mahali salama, anavuka nusu nyingine. Halafu kuna mambo ambayo hayagharimu karibu chochote, na kwa maoni yangu ndiyo yanayosahauliwa kuliko yote. Kituo cha daladala kihamishwe kiwe mbele ya kivuko, gari likishakipita, wala kisiwe nyuma yake. Gari likisimama kabla ya zebra linamziba mtoto, likisimama baada yake linamwacha wazi. Bodaboda na bajaji zisiegeshwe mita kadhaa kila upande wa kivuko. Wauza mihogo, kachori na barafu wasifukuzwe, maana watoto watawafuata popote waliko. Wapangwe upande wa shule, ili hamu ya barafu isimvushe mtoto barabara. Miti na mabango yanayoziba yaondolewe. Taa iwekwe, kwa sababu ya alfajiri niliyoitaja mwanzoni. Na pale barabara inapoelekea mashariki, msanifu akumbuke kwamba saa moja kasoro asubuhi jua la chini linampiga dereva usoni wakati ule ule watoto wanapovuka. Wakati huo hawezi kuisoma zebra, lakini tuta atalihisi. Baada ya yote haya, rangi ichorwe, na iwepo fungu la kuirudia, kwani rangi ya barabarani kwetu hufutika chini ya vumbi na matairi upesi kuliko mkataba wake.

Pingamizi kubwa dhidi ya matuta nalisikia na nalipa uzito. Yanavunja springi, yanaumiza migongo, yanachelewesha gari la wagonjwa na la zimamoto. Sehemu ya lawama hii ni ya haki. Matuta mengi tuliyonayo yalijengwa bila kipimo: membamba, marefu kwenda juu, bila rangi, bila kibao, na mengine yalirundikwa na wananchi wenyewe kwa udongo na mawe baada ya msiba. Tuta lisiloonekana usiku linaweza kuua mwendesha pikipiki, na kifo hicho hakina nafuu kuliko kile lililokusudiwa kukizuia. Lakini ubaya wa tuta baya ni hoja ya kujenga zuri. Tuta pana lililosanifiwa kwa mwendo wa 30 hupitika kwa 30 bila kishindo. Linamuumiza anayelijia kwa 60. Gari la wagonjwa litapoteza sekunde chache hapo, na sekunde hizo lazima zipimwe dhidi ya kitu kingine: mtoto aliyegongwa naye angelihitaji gari hilo hilo.

Pingamizi la pili linahusu barabara kuu. Barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na mpaka wa Zambia inabeba mizigo ya nchi kadhaa, na kuifunga kwa matuta, wanasema, ni kuufunga uchumi. Tuangalie kiasi. Eneo la shule la mita 300, ukilipita kwa 50, linakuchukua sekunde 22 hivi. Kwa 30, sekunde 36. Tofauti ni sekunde 14 na ushei. Lori likikutana na shule ishirini kati ya Dar es Salaam na Mbeya, litafika dakika tano baadaye katika safari ya siku nzima. Hata ukihesabu kupunguza na kuongeza mwendo, hutafika robo saa. Tena kanuni yenyewe tumeshaikubali zamani. Kila anayesafiri njia hiyo anavijua vibao vya 50 kila kijiji kinapoanza. Serikali iliyovisimika ilikuwa inasema kwamba barabara kuu ikiingia kijijini hubadilika kazi. Ninachoomba ni neno hilo lichukuliwe kwa uzito wake, lijengwe kwa zege na rasta mbele ya shule, lisibaki kwenye bati tu.

Wapo pia wanaopendekeza daraja la juu la waenda kwa miguu, ili magari yaendelee na watoto wapite angani. Kwenye barabara za njia sita au nane, kama ile ya Kimara hadi Kibaha au ile ya Nairobi kwenda Thika, daraja lina nafasi yake, na hapo sina ugomvi nalo. Lakini kwenye barabara ya njia mbili au nne mbele ya shule, daraja linahamisha mzigo kutoka kwa mwenye injini kwenda kwa mwenye miguu. Malori lazima yapite chini yake, kwa hiyo mtoto atapanda zaidi ya mita tano na kushuka tena, na mkoba mgongoni, ili dereva asikanyage breki. Mwenye kiti cha magurudumu, au mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi, njia yao ni ndefu zaidi. Watu hupima jasho. Daraja likiwa refu kuliko subira yao, watapita chini, na wakipita chini watakuta magari yanayokimbia kuliko zamani, kwa kuwa dereva ameambiwa watu wako juu.

Linabaki suala la fedha, na hapa nitasema kwa ufupi. Tunapojenga barabara ya lami, gharama ya kivuko cha namna niliyoieleza ni sehemu ndogo mno ya gharama ya kilomita moja ya barabara yenyewe. Kinachokosekana ni mtu wa kukiandika kwenye mchoro na kwenye zabuni tangu mwanzo. Barabara iko chini ya wakala wa barabara, TANROADS au TARURA, shule iko chini ya halmashauri, mwendo uko chini ya polisi, na kamati ya shule haina mamlaka juu ya chochote kilicho nje ya uzio. Mtoto anavuka katikati ya mamlaka nne. Tusipoteua mmoja wa kuwajibika kwa zile mita 300, kila mmoja ataendelea kutimiza wajibu wake kwa unyoofu na mtoto ataendelea kugongwa mahali wajibu huo unapoishia. Pendekezo langu ni kwamba mwenye barabara ndiye mwenye kivuko. Mradi wowote wa lami unaopita mbele ya shule usipokelewe kutoka kwa mkandarasi mpaka mwendo wa magari langoni upimwe, na ukizidi 30, kazi ihesabiwe haijakamilika.

Hali ya barabara zetu haikuandikwa mbinguni. Uholanzi inasifiwa leo kwa watoto wanaokwenda shule wenyewe kwa miguu na baiskeli, lakini mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua watoto zaidi ya 400 katika nchi hiyo ndogo. Wazazi waliingia mitaani wakidai kukomeshwa kwa mauaji ya watoto, na hilo ndilo jina waliloupa umoja wao. Mwaka 1976 sheria ya nchi ikatambua mitaa ya makazi ambayo gari ni mgeni na lazima liende mwendo wa mtu anayetembea. Wazazi wale hawakuridhika na ndoo ya rangi. Walidai barabara ibadilike umbo, na ikabadilika.

Shule zetu hufungwa mapema Desemba na kufunguliwa Januari. Kwa wiki hizo lami iliyo mbele ya lango inakuwa haina watoto, na mkandarasi anaweza kumwaga zege likakauka bila kusumbua mtu. Naziomba halmashauri, pamoja na TANROADS na TARURA, ziandike orodha ya shule zote zinazopakana na barabara ya lami, zipime mwendo wa magari mbele ya kila shule saa 12 na nusu asubuhi, siku ya masomo, kabla ya kufunga mwaka, na zianze kujenga mbele ya ile yenye mwendo mkubwa kuliko zote. Naziomba kamati za shule ziidai orodha hiyo kwa maandishi. Watakaoanza darasa la kwanza Januari wana miaka sita.